Datsun ya Sifuna na Rangi Yake

Sifuna aliuza misumari kwa miaka kumi na tisa bila kupigilia hata mmoja. Duka la vifaa vya ujenzi alilofanyia kazi pale Kamwokya lilikuwa na misumari ya kila namna, ya mabati, ya mbao, ya zege, na Sifuna aliijua yote kwa kuigusa tu, kama mama anavyojua mchele wenye mawe. Lakini nyumbani kwake Bukoto saa ya ukutani ilikaa juu ya kabati, imeegemezwa, kwa kuwa hakuna aliyeitundika, na mlango wa choo ulifungwa kwa kamba. Mkewe Rosebella, ambaye ni fundi cherehani, alikwisha kuzoea. Wageni wakiuliza habari za ile kamba, alijibu kwa upole, "Baba Vera yeye anajua majina ya vitu."

Walitoka Webuye, Kenya, wangali vijana, wakajiambia watakaa Kampala miaka miwili wapate mtaji warudi. Sasa binti yao Vera alikuwa akisomea uuguzi Mbale, na wao bado walikuwa wakisema "tukirudi".

Kilichomwamsha Sifuna kilikuwa bawaba. Mteja mmoja alinunua bawaba mbili za mlango, akauliza zinafungwaje. Sifuna akamweleza kwa dakika ishirini, kwa ufasaha, mpaka wateja wengine wakanyamaza kusikiliza. Yule mama akasema, "Ssebo, bwana wangu, mtu anayejua hivi na aje anifungie mwenyewe." Sifuna hakuweza kukataa mbele ya watu. Akaenda, akafunga. Kesho yake asubuhi yule mama alirudi dukani na mlango wake umebebwa na vijana wawili: alikuwa ameusukuma kidogo tu, ukamlalia. Abdul-Latif, mwenye duka, alicheka hadi akakaa juu ya mifuko ya saruji, na kwa wiki nzima kila aliyeingia alisimuliwa.

Sifuna hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, na jioni ile akiwa anakula aliitazama mikono yake kama inayomdai maelezo.

Haukupita mwezi, alipeleka mabati Mengo, nyumbani kwa mjane mmoja aitwaye Hajati Nabilah. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, ndipo alipoiona: pikapu ndogo aina ya Datsun 1200, ya zamani, ya umri wa kuwa mzazi. Tairi zimezama ardhini, kutu imekula kingo za milango, na bodi ya nyuma imeota majani. Lakini uso wake, zile taa mbili za duara na tabasamu la chuma katikati, ulimtazama Sifuna kama unaomjua.

"Ilikuwa ya marehemu," alisema Hajati. "Injini imo. Na kuku wamo pia."

Kweli walikuwamo. Mmoja alikuwa ameatamia mayai kwenye kiti cha dereva. Hajati alikubali kuiuza, tena kwa bei ya huruma, ila kwa sharti moja: yule kuku asisumbuliwe mpaka aangue, na vifaranga warudishwe Mengo. Ndivyo Datsun ilivyovutwa kwa kamba hadi Bukoto na kuku ndani, amekaa mbele ya usukani, akiitazama barabara bila wasiwasi.

Rosebella alitoka nje na futi yake shingoni. Akaizunguka pikapu mara moja.

"Baba Vera, umenunua banda la kuku lenye magurudumu."

"Nitalitengeneza."

"Nani?"

"Mimi."

Rosebella alimtazama sana, kisha akaitazama kamba ya mlango wa choo, kisha akarudi ndani kushona.

Aliyemwokoa Sifuna ni jirani yake, mzee Okwir. Huyu alikuwa mtu wa kabila la Lango kutoka Apac, kaskazini mwa Uganda, aliyeendesha magari ya polisi kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu: bado aliamka saa kumi na mbili, bado alivaa buti zilizong'arishwa na bereti, na bado alizungumza Kiswahili cha kambini, kile kisichojua ngeli ila kinajua amri. Alifungua boneti, akainamia injini, akainusa.

"Mukenya, sikiliza. Hii gari hapana mugonjwa. Hii gari iko na njaa tu. Wewe nashika bodi, mimi nashika injini. Na hii kuku?"

"Kuku asiguswe, afande. Ni sharti."

"Sawa. Hii kuku ndiyo ofisa mukubwa."

Wakaanza. Kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya kanisa, ua wa nyumba zao za kupanga uligeuka gereji. Okwir alifungua kabureta, akaziosha plagi kwa petroli, akabadilisha mipira iliyokauka kama nyama ya kuanika. Sifuna alisugua kutu kwa msasa, akijua namba ya kila msasa lakini hajui kwamba unasugua na vidole. Siku ya kwanza alikipiga kwa nyundo kidole gumba. Siku ya pili alikipiga kile kile. Siku ya tatu alimwomba Okwir amshikie msumari, na Okwir, aliyewahi kukabili majambazi, alikataa.

Lakini mkono ni mwanafunzi, hata wa mzee. Pole pole nyundo ikaanza kwenda alikotaka iende. Alikata mabaka ya bati akaziba matundu ya sakafu, fundi wa kulehemu wa jirani akayachomelea. Alijaza mabonde ya milango kwa fila, ule ujiuji wa kuzibia bodi za magari, akailainisha mpaka kiganja kikipita hakikwami. Kisha akajenga bodi ya nyuma kwa mbao za mvule alizozipiga randa mwenyewe, na kando yake akasimamisha vizuizi virefu vya mbao, vipande vitano kila upande, ili mzigo usianguke. Alipopigilia msumari wa mwisho alikwenda ndani kumwita mkewe.

Rosebella aliitikisa ile mbao kwa mkono mmoja. Haikusogea. Akaitikisa kwa mikono miwili. Jioni ile ile alichukua vipimo vya kiti. Kuku alikuwa amekwisha kuangua, vifaranga tisa, nao wakawa wamerudishwa Mengo katika katoni ya sabuni. Kiti kikabaki na harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Rosebella alikivua chote, akatia sponji mpya, akakivika kitambaa cha pazia chenye maua ya waridi makubwa.

"Maua, Mama Vera?"

"Hicho ndicho kilichobaki. Ukitaka ngozi, kamchinje ng'ombe."

Wiki iliyofuata Rosebella alisafiri kwenda Webuye kwenye harusi ya mpwa wake, na huku nyuma ndipo rangi ilipopakwa. Nasema hivi kwa kuwa baadaye kila mtu aliuliza: Mama Vera alikuwa wapi?

Sifuna alitaka buluu ya mbingu. Dukani kulikuwa na makopo ambayo wateja waliyarudisha, yamefunguliwa, nusu nusu: buluu ya shule, kijivu cha geti, kijani kidogo, nyeupe. Abdul-Latif alimruhusu ayachukue. Sifuna aliyamimina yote katika ndoo moja, akayakoroga kwa fimbo, akaongeza hiki, akapunguza kile, kama anayepika mboga ya wageni. Ikatoka buluu nzito, yenye ukali fulani. Aliipenda papo hapo. Akaazima kompresa, akapuliza kuanzia chini. Ilipofika kiunoni mwa gari, ndoo ikaisha. Akaanza tena juu kwa mabaki aliyokwangua kwenye makopo, nayo yakaisha kabla ya kukutana na ya chini, na katikati ukabaki mkanda mweupe wa rangi ya msingi, ukizunguka gari zima, umenyooka kama uliopigwa rula.

"Hata umependeza," alijiambia. Akauacha.

Okwir alisimama mbali, mikono nyuma. "Hii rangi mimi najua," alisema. "Lakini nimesahau wapi."

"Labda mbinguni, afande."

"Hapana. Mbinguni mimi bado."

Jumamosi, saa nne asubuhi, Datsun iliwaka. Ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweupe, ikatulia, ikaunguruma kama paka aliyeshiba. Sifuna alikaa nyuma ya usukani, juu ya maua ya waridi, amevaa shati la kaki alilofanyia kazi kwa sababu lilikuwa na mifuko. Kando yake akakaa Okwir, buti, bereti, mgongo umenyooka, mikono imekunjwa kifuani, kama alivyokaa kwenye magari kwa miaka ishirini na sita. Walikwenda Kamwokya. Sifuna alitaka Abdul-Latif aone. Alitaka, kusema kweli, watu wote waone, hasa yule mama wa mlango.

Waliteremka taratibu kuelekea sokoni. Kando ya barabara wanawake walikuwa wamepanga nyanya kwenye magunia, wauza soksi wamezitundika mikononi, kijana wa kuuza miwani amebeba ubao alioipanga. Sifuna akapunguza mwendo ili aonekane vizuri.

Walimwona.

Mtu mmoja alipiga mluzi. Kisha soko likainuka lote kwa pamoja. Magunia yalikunjwa pembe nne na nyanya zikiwa ndani, beseni zikapanda vichwani, soksi zikapaa. Ndani ya muda wa kumeza mate, barabara iliyojaa watu ilibaki na kiatu kimoja na vitunguu vinavyobingirika.

"Kuna nini?" aliuliza Sifuna, akitazama nyuma. Alidhani wanakuja askari wa jiji, wale wanaowaondoa wachuuzi barabarani. "Afande, kuna msako?"

Okwir alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Sifuna. Hii rangi sasa nimekumbuka."

Buluu nzito. Mkanda mweupe kiunoni. Vizuizi virefu vya mbao nyuma, vya kuzuia bidhaa zilizokamatwa zisianguke. Mzee wa bereti amekunja mikono. Sifuna alikuwa amejenga, kwa mikono yake mwenyewe na kwa upendo mwingi, gari la askari wa jiji.

Jambo la busara lingekuwa kwenda mbele. Sifuna alisimama. Alikuwa mtu wa maelezo, na hapa kulikuwa na jambo la kuelezwa. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti kwa Kiswahili chake safi cha Kenya: "Jamani ndugu zangu! Msikimbie! Rudini hapa, tafadhali! Hatutawafanya kitu!"

Sasa, Kampala Kiswahili kina historia yake. Kwa wengi ni lugha ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Ukikisikia kwa sauti kubwa kikitoka kwenye gari la buluu, kikikwambia usikimbie, hapo ndipo unapopata mbio ambazo hukujua unazo. Waliobaki nao wakatoweka. Okwir akaona amsaidie. Akashuka, akatengeneza bereti, akafoka: "Nyinyi raia! Simama! Hii si operesheni!" Neno lililosikika ni operesheni.

Wawili hivi walikuwa wamebanwa kati ya ukuta na gari, hawana pa kupita. Wakachagua heshima. Muuza mikanda akauweka mzigo wake wote ndani ya bodi ya nyuma, akanyoosha mikono juu. Nyuma yake akaja mwanamke mnene aitwaye Juliet, muuza parachichi, akatua beseni lake kwenye mbao za mvule kwa kishindo.

"Chukua, afande," alisema, akihema. "Mwaka huu mimi nimekimbia mara nne. Goti rinauma. Reo sikimbii. Nipereke tu."

"Mama, mimi si afande," alisema Sifuna akishuka. "Mimi nauza misumari."

"Sawa, afande."

"Hii ni gari yangu mwenyewe. Nimeitengeneza nyumbani."

"Ndiyo, afande. Nzuri sana, afande." Akapanda nyuma, akakaa kando ya beseni lake, akakunja kitenge vizuri, tayari kwenda kushtakiwa. Muuza mikanda naye akapanda. Na kwa vile watu walikuwa wakichungulia wakaona wenzao wanapanda, mzee mmoja wa kuuza dawa za panya akatoka kwenye uchochoro, akajisalimisha pia, kwa kuwa alidhani zamu yake ingekuja tu.

Sifuna alitamani ardhi immeze. Akaona afadhali aondoke, awapeleke hatua chache mbele, awashushe mbele ya duka, Abdul-Latif awe shahidi. Akaingia, akazungusha ufunguo. Datsun ikakohoa. Akazungusha tena. Ikatoa sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi, ikazima kabisa.

"Plagi," alisema Okwir. "Inataka kusukumwa."

Okwir, kwa kuwa ndiye aliyejua kuliwasha gari kwa gia, akashika usukani. Sifuna akavua shati lake la kaki ili lisichafuke, akabaki na fulana yenye tundu begani, akaenda nyuma, akaegemeza bega kwenye mlango wa bodi. Akasukuma. Gari halikusogea, lilikuwa limebeba wafungwa watatu, na Juliet peke yake alikuwa mzigo wa heshima. Akasukuma tena. Jasho likamtoka, miguu ikateleza kwenye nyanya iliyopondeka, akaanguka kwa magoti, akainuka, akasukuma.

Juliet alimtazama kutoka juu. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia muuza mikanda, akasema kwa sauti ya mtu aliyeona ukweli, "Bannange, jamani! Askari gani anasukuma mwenyewe?"

Muuza mikanda akafikiri. Kwa kweli, maisha yake yote, gari la askari likizima walisukuma raia.

"Na furana imetoboka," aliongeza Juliet. Akachungulia dirisha dogo la nyuma. "Na kiti cha maua! Mzee, wewe kweri si afande?"

"Nimekuambia, mama!"

Basi Juliet akacheka. Alicheka kicheko cha kuanzia tumboni, kilichotikisa beseni, kilichoitikisa Datsun yenyewe, na kicheko hicho kikafanya kazi ambayo maelezo yote ya Sifuna yalishindwa. Vichwa vikatoka kwenye milango. Muuza soksi akarudi. Wakaja wale wa nyanya, kwanza kwa kunyata, kisha kwa hasira, maana nyanya zilipondeka, kisha kwa kicheko nao, kwa kuwa haiwezekani kumkasirikia mtu aliyepiga magoti kwenye nyanya hizo hizo. Abdul-Latif alisimama mlangoni mwa duka lake, amejishika mbavu, akimwonyesha Sifuna kidole bila kuweza kutoa neno.

Wakasukuma wote. Datsun iliwaka kwa mshindo uliomfanya muuza dawa za panya aruke kutoka bodini.

Juliet alipokuwa akishuka alimpa Sifuna parachichi mbili, kisha akamwegemea sikioni. "Mzee, usibadirishe rangi. Jumatatu uje nayo hapa, egesha asubuhi. Askari wenyewe wakiona, watadhani wenzao wamefika, watakwenda kwingine."

Sifuna alikuwa karibu kukubali. Lilikuwa ombi la kwanza la kazi ambalo gari lake limepata. Okwir akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hiyo ni kesi."

"Kesi kidogo tu, afande."

"Kesi kidogo hapana iko. Kesi ni kesi."

Walirudi Bukoto kupitia njia za nyuma, wakikwepa kila penye watu. Njiani boda zote ziliwapisha, na dereva mmoja wa teksi alishuka kabisa kwenye mtaro kwa heshima. Sifuna aliona aibu, ndiyo. Lakini pia, hebu tuseme, gari lilikwenda. Milango haikufunguka. Mbao hazikulia. Kwenye kona ya mwisho alijikuta anapiga mluzi.

Rosebella alirudi kutoka Webuye Jumapili alasiri. Sifuna alikuwa ndani anaoga. Alisikia geti likifunguka, mizigo ikidondoka, kisha sauti ya mkewe ikitetemeka uani: "Uwii! Mzee Okwir! Wamekuja kumkamata nani?"

"Hapana kamata mtu, Mama Vera. Hiyo ni gari yenu."

Sifuna aliuacha mlango wa bafu umefungwa mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya duka kujaa, Rosebella alikwenda naye dukani mwenyewe. Alipita mbele ya makopo yote yaliyofunguliwa bila kuyatazama, akasimama mbele ya yale ya kiwandani, yenye mihuri, akaweka kidole juu ya njano ya ndizi.

"Hii. Makopo matatu. Na usikoroge na kitu."

"Hata nyeupe kidogo, kwa mkanda?"

Rosebella akafungua pochi kulipia, na Abdul-Latif akaenda haraka nyuma ya rafu kwa sababu alikuwa anaanza tena kucheka.

Ilichukua Jumamosi mbili. Sifuna aliisugua buluu yote kwa msasa, safari hii bila kuacha ngozi ya kidole hata kimoja, akapuliza njano kuanzia paa hadi chini, na ikatosha. Watu wa Kamwokya hawakukimbia tena. Juliet na wenzake wawili walianza kuitumia kubebea mazao kutoka soko la jumla alfajiri za Jumatano, na wao ndio waliokaa nyuma, wakiimba nyimbo za kanisa. Sifuna akawa dereva mwenye mkataba kabla ya saa za duka. Yule mama wa mlango naye alikuja kuiona. Aliivuta bawaba ya mlango wa bodi, akaisukuma, akaivuta, akaguna. Wiki ile ile Sifuna alikwenda kwake akamfungia mlango bure, na mlango ukakaa.

Jumapili moja baada ya kanisa alimfungulia Rosebella mlango wa abiria kama bwana harusi, kisha akazunguka akakaa nyuma ya usukani. Rosebella hakuingia. Alizunguka mbele ya gari, akapitisha kiganja kwenye boneti ya njano mahali alipokuwa amejaza fila, akasimama upande wa dereva.

"Sogea," alisema.

"Nisogee wapi?"

"Nimeendesha cherehani ya miguu miaka ishirini na saba. Hiyo klachi ina nini cha ajabu?"

Okwir, ambaye alikuwa amekwisha kukaa nyuma kwenye bodi ili apate upepo, alisikia hayo. Alisimama, akafikiri juu ya mwendo na umri wake, akafungua mlango wa bodi kwa uangalifu na kuteremka.

"Mimi nakuja na miguu," alisema.

Sifuna akasogea juu ya maua ya waridi, akaanza kueleza: kwanza mguu wa kushoto, halafu pole pole, halafu unasikiliza injini, kwa sababu klachi, Mama Vera, ina tabia zake... Rosebella alikuwa amekwisha kuachia. Datsun iliruka mbele kama mbuzi aliyeona mahindi, ikapita getini huku kuku wa jirani wakitawanyika, na sauti ya mwisho aliyoisikia Okwir ilikuwa ya Sifuna, bado anaeleza.